Mlango Namba Kumi na Saba

Mimi si mtu wa kutembea. Nilipomaliza kidato cha nne pale Nachingwea, wenzangu walikwenda Dar es Salaam kutafuta maisha, wengine Namungo kutafuta dhahabu. Mimi nikarudi Marambo kutafuta kiti. Nikakipata, nikakaa. Kwa hiyo kijiji kilipotakiwa kutoa mjumbe wa kamati ya utafiti wa malaria, sikuchaguliwa kwa akili. Nilichaguliwa kwa sababu mwenyekiti alijua pa kunikuta.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini. Watafiti walifungua ofisi Ruangwa, wakasema safari hii hawaji kutupangia, wanakuja kushirikiana nasi. Wajumbe tukaitwa semina. Tukala wali kwa kuku, tukaandika neno "ushirikishwaji" kwenye daftari jipya. Jioni, daktari aliyeongoza kazi, mama mmoja mtaratibu wa kutoka bara, akatuuliza watutembelee miezi gani. Nje lori la kunirudisha nyumbani lilikuwa linapiga honi. Nikanyoosha mkono kabla mwingine hajafungua mdomo.

"Mwezi wowote, daktari. Sisi tupo."

Akaandika. Akanishukuru kwa niaba ya sayansi.

Sisi gani? Mvua zikishika, Marambo yote inahamia mashambani kulinda mahindi. Watu wanaishi kwenye madungu, vibanda vya miti na nyasi, mpaka wavune, la sivyo nguruwe na nyani wanavuna kwanza. Kijijini wanabaki wazee wasiojiweza na mimi. Ziara za utafiti zilipoanza, dada yangu, ambaye nilikuwa nakaa kwake, alikuwa amekwishahama na binti yake wa miezi mitano. Mtoto aliyemtangulia huyo alifia huko huko dunguni, homa ya siku mbili, na zahanati iko mbali. Ndiyo maana dada alikuwa wa kwanza kumwandikisha mtoto kwenye utafiti: aliyeandikwa alipimwa damu, akapewa dawa na chandarua, na daktari alimfuata mwenyewe nyumbani.

Alimfuata wapi sasa? Kila nyumba yenye mtoto mchanga ilipigwa namba ya rangi nyekundu mlangoni. Yetu ilikuwa kumi na saba. Gari la daktari likaja mara ya kwanza, likanikuta mimi. Mara ya pili, mimi.

"Mtoto yuko wapi, mjumbe?"

"Yuko shamba, daktari. Mzima kabisa."

"Mwongozo unasema akutwe kwenye nyumba yenye namba yake. Huko shamba kuna namba?"

"Hakuna."

"Basi hajakutwa. Alhamisi ndiyo mara ya tatu. Asipokutwa, tunamfuta."

Nikamweleza habari ya nguruwe. Akasema nguruwe hawamo kwenye dodoso. Nikawaka, kisha nikakumbuka nani alisema "sisi tupo", nikazima.

Jumatano nikafunga safari ya saa mbili kwa miguu, nikilalamika njia nzima bila wa kunisikia. Dada alikuwa juu ya dungu anapiga debe kufukuza nyani, mtoto mgongoni.

"Leo mvua itanyesha mawe," akasema. "Bwana mkubwa kaacha kiti."

Nikamwambia habari ya Alhamisi. Nikamsihi aje nyumbani siku moja tu.

"Siku moja nyani wanamaliza hili lote, halafu mwanangu atakula chandarua? Wewe si ndiye mjomba mtu? Kwetu mtoto ni wa mjomba. Kazi gani umemfanyia tangu azaliwe, zaidi ya kusema analia sana?"

Ilikuwa kweli, na alikuwa analia sana. Nilipomgusa, kichwa kilikuwa cha moto.

"Ameanza lini?"

"Asubuhi hii." Sauti yake ikashuka. Akaangalia pembeni, kisha akaniuliza, "Hiyo namba wameiandika wapi?"

"Mlangoni."

"Mlango wenyewe wa mianzi. Mzito?"

Alhamisi asubuhi daktari alinikuta nimekalia mlango kando ya njia. Nyuma yangu nyumba ilikuwa wazi.

"Namba kumi na saba imehama," nikasema. "Nifuateni."

Alinitazama, kisha akaangalia namba yake nyekundu. Sikujua kama atacheka au atanifuta na mimi. Akachukua sanduku la dawa. Gari liliishia kijitoni. Toka hapo tukaenda kwa miguu, mimi na mlango kichwani, yeye na matope mpaka kwenye magoti. Kila tulipopita, watoto walichungulia kutoka kwenye madungu. Daktari akasimama.

"Hawa wote ni wa kijiji chenu?"

"Wote."

"Na ulisema mpo."

"Mimi nilikuwepo, daktari."

Akaendelea kutembea mpaka tulipofika. Dada aliuegemeza mlango kwenye nguzo ya dungu, namba ikitazama mbele, akamkaribisha daktari kama vile anamkaribisha sebuleni. Daktari akamtoboa mtoto kidole, akampima joto, akamwekea dawa mdomoni. Mtoto akaitema. Akawekewa nyingine, daktari akamshika kidevu mpaka akameza. Kisha akafungua fomu, akaandika: amekutwa.

"Na wale wa njiani?" dada akamuuliza. "Au nao wabebewe milango na mdogo wangu?"

Daktari akaangalia mbali, kule mashambani, akatoa sandukuni kopo la rangi nyekundu.

Homa ilishuka Jumamosi. Hilo nililijua kwa sababu nilikwenda tena kuangalia, kwa miguu, bila kutumwa, na dada akanitangaza shamba hadi shamba kama muujiza. Nilikwenda pia kudai mlango. Akakataa, alisema unazuia mvua isimpige mtoto. Nililala bila mlango mpaka mavuno, na mbuzi wa jirani akazoea kuingia na kutoka.

Semina iliyofuata walimwita dada. Mimi nilibaki dunguni, nikipiga debe, mtoto mgongoni. Bado alikuwa analia sana.