Kengele ya Moshi Siku ya Posa

Chekeni tu, mimi nimeshachoka kujificha, maana Ngokolo nzima inajua kwamba siku wakwe walipokuja kumposa binti yangu Zuhura, walipangwa foleni uani kwangu wakapimwa mionzi.

Ilianza na shemeji yangu Shabani, mdogo wa marehemu mume wangu, anayeuza chuma chakavu huko Geita. Alinishushia boksi, akasema, "Shemeji, nitunzie, ni mabaki ya kambi iliyofungwa." Ndani mlikuwa na kengele za moshi, vile visahani vyeupe vinavyobandikwa darini, karibu vyote vimepasuliwa, na kopo la maziwa ya unga limezungushiwa selotepu. Kimoja kilikuwa kizima, kina kitaa chekundu kinachowakawaka, kizuri jamani, basi mimi na tamaa yangu ya kupamba sebule nikapanda kiti nikakibandika (kopo nikaliweka jikoni, pembeni ya sukari!).

Wakwe wakaja baada ya adhuhuri, tukasalimiana vizuri, nikawasha udi. Moshi ulipopanda tu kile kidude kikapiga ukelele, akina mama wakatoka mbio viatu mkononi, mshenga akajikwaa kwenye mkeka, nami niko juu ya kiti nakipiga kwa mwiko mpaka kikaanguka miguuni pa Mzee Kulwa, baba wa kijana. Akakiokota, akakigeuza, uso ukambadilika.

"Mama Zuhura, hii umeitoa wapi?"

"Ya shemeji yangu, mzee."

"Mimi ni mlinzi wa kambi ya mgodi. Hizi zimeibwa kwenye mabweni yetu." Akanionyesha alama ya mgodi iliyochapwa nyuma ya kidude. "Na ndani mna punje ya mionzi."

Nikalikumbuka lile kopo.

Mzee alipiga simu palepale, wakaja polisi na mtaalamu mwenye kimashine kinacholia tik tik. Kopo lilipofunguliwa, mna vifungo vidogo vya chuma, ndivyo vyenye ile mionzi: Shabani alikuwa anavichomoa awauzie wanunuzi wa dhahabu, akidai ni madini adimu. Mtaalamu akapima sukari, akapima sufuria, akawapanga wakwe foleni uani, mikono mbele.

"Mayu wane, mama yangu!" bibi wa kijana akanong'ona. "Tumekuja kuoa au kufa?"

"Hamjadhurika," mtaalamu akasema. "Hatari ni kuvimeza au kuvuta vumbi lake." Lakini nani angekula pilau tena? Wakaondoka na njaa.

Shabani alikamatwa Kharumwa, hukohuko mkoani Geita. Mzee Kulwa alirudi baadaye, nikamwomba radhi, nikamuuliza kama posa bado ipo.

"Ipo," akasema. "Ila shughuli ifanyike kwangu." Kisha akaongeza, "Mama Zuhura, katika mojawapo ya mabweni yaliyobaki bila kengele ndimo anamolala mwanangu akiwa kazini mgodini."

Mkwe wangu mtarajiwa angeungua usingizini, na kengele yake nimeifanya pambo. Tangu hapo mzigo wa mtu, hata awe ndugu wa damu, hauvuki kizingiti changu kabla sijaelezwa umetoka wapi.