Mlango wa Mjerumani

Mngurumo ndio uliotangulia. Ulitoka upande wa barabara kuu, chini chini, kama mtu anayeguna ndani ya mtungi, nami nilikuwa nimeinama uani naanika mahindi, wewe umelala mgongoni mwangu. Nikainua kichwa. Mwanangu Kasto, siku hizo sisi wa Bombambili tuliyajua magari ya mji huu kwa masikio. Tuliijua pikapu ya mapadri kwa bomba lake lililotoboka. Tulilijua lori la ushirika likiwa bado mbali. Na lori la baba yako nililijua kuliko mtu yeyote, kwa namna lilivyovuta pumzi kabla ya kubadili gia. Lakini sauti ile sikuijua.

Kisha likatokea. Gari la bluu iliyoiva, limelala karibu na ardhi, pua ndefu, vioo vinang'aa. Ndani amekaa baba yako, Bosko, peke yake, anacheka kabla hajasimama.

"Lori liko wapi?" nikamuuliza.

"Salamu kwanza, mama Kasto! Njoo uone."

"Naona. Lori liko wapi?"

"Liko Njombe. Tumebadilishana na tajiri mmoja wa kule. Hili ni la Kijerumani, mke wangu. Ya Kijerumani hayafi haya."

Nakusimulia haya kwa sababu jana ulikaa kwenye kiti hicho hicho ulichokalia sasa, ukanionyesha picha ya gari la Kijerumani kwenye simu, ukasema unakwenda Dar kulichukua, na kwamba ile Hiace yako inayobeba abiria wa Mbinga mwenye gari atakuja kuichukua kama sehemu ya malipo. Ukaniwekea na sauti ya injini nisikie. Ulipokuwa unaisikiliza, ukalaza kichwa upande wa kulia. Baba yako alikuwa akilaza kichwa hivyo hivyo. Sikulala vizuri.

Ilikuwa miaka ya ruksa. Maduka yaliyokuwa na vumbi na viberiti yakajaa redio, sabuni za rangi, mashati ya mitumba yenye harufu ya ng'ambo. Biashara ya mahindi ikafunguliwa, na mtu mwenye lori akawa mtu wa kuamkiwa hata na waliomzidi umri. Baba yako alianzia utingo, akawa dereva, mwisho akawa na lori lake. Lori lile lilikuwa bovu la sura, bodi limefungwa kwa waya, lakini lilibeba mahindi ya kwetu Maposeni, likabeba tumbaku ya watu wa Namtumbo, na jioni likabeba wagonjwa na maiti na mabibi harusi bila kuchagua. Hilo ndilo lililoachwa Njombe.

Mtaa mzima ulimiminika uani kwetu. Vijana wakaimba, "Mjerumani karudi Songea! Mjerumani karudi!" Mama Zuhura, jirani yetu mtu wa Tunduru, akazunguka gari mara moja, akanigeukia. "Mwenzangu, umeletewa mke mwenza, na amekushinda ngozi." Watu wakacheka. Mzee mmoja aliyekuwa ameshikilia baiskeli yake hakucheka. Akasema, "Mjerumani wa kwanza alitunyongea wazee wetu hapa hapa mjini. Huyu wa pili sijui kaja na kamba gani." Baba yako akamjibu, "Mzee, huyu kaja na redio." Wakacheka tena, hata mimi.

Sitakudanganya kwamba sikulipenda. Ungeniamini wapi? Nilipoingia mara ya kwanza nilivua kandambili nje, kama mtu anayeingia msikitini. Viti vilinukia ngozi. Lakini kilichonimaliza ni mlango. Mlango wa lori ulikuwa unaupiga kwa bega, ukikataa unaupiga tena. Ule, baba yako aliugusa kwa vidole viwili tu, ukaja wenyewe, ukasema *dhu*, sauti nzito na laini, kama gunia la unga likitua kwenye sakafu, na kelele zote za Bombambili zikakatika. Kuku, watoto, redio ya Mama Zuhura, vyote vikabaki nje. Tukabaki mimi na yeye. Tangu anioe hatukuwahi kuwa wawili namna ile.

Na barabara, mwanangu. Lami ya kwenda Njombe ilikuwa bado changa, nyeusi kama kanga mpya, na magari yenyewe machache. Tukishavuka mji alikuwa anakanyaga, na gari linashuka chini zaidi badala ya kuruka, linakamata kona kama lilizaliwa hapo. Niliona misitu ikipita kama mtu anafungua kitabu haraka. Nilikuwa binti wa mkulima wa Maposeni, na kwa muda ule sikuwa binti wa mtu. Nakueleza haya ili usije ukasema mama huyu mshamba, hajui raha ya gari. Naijua. Ndiyo maana nina uchungu.

Baba yangu, yaani babu yako, alikuja kuliona. Alitembea kutoka Maposeni kwa miguu, kwa kuwa lori lililozoea kumleta halikuwepo. Baba yako akamwamkia kwa heshima zote, akamfungulia mlango akae. Mzee akakataa. Akasimama mbele ya gari, mikono nyuma.

"Hili linabeba nini?"

"Linanibeba mimi, baba."

"Wewe una miguu."

Baba yako akatabasamu, akaanza kumweleza habari za injini, mwendo, uimara. Mzee akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mkwe wangu, sijakataa kwamba ni zuri. Nimekuuliza linabeba nini, nawe umenijibu linakimbiaje. Mahindi yetu yako ghalani, mvua ziko njiani. Sasa nirudi niwaambie nini wenzangu?"

"Waambie wanivumilie kidogo. Nitapata lori jingine."

Mzee alikunywa togwa yangu akiwa amesimama, akaondoka kwa miguu kama alivyokuja. Hayo ndiyo makaripio niliyopaswa kuyasikia mimi, maana baba yako alikuwa amekwisha kulaza kichwa, anasikiliza injini.

Mvua zikaja. Barabara ya Maposeni siku hizo ilikuwa udongo mwekundu, na gari lile lilikuwa na tumbo la chini. Lilifika hadi pale lami inapokoma, likasimama kama bibi harusi aliyeona tope. Watu wa kwetu wakangoja, wakachoka, wakampa mahindi yao yule tajiri wa Njombe. Yakabebwa na lori letu lile lile. Nililisikia likipita barabarani, likivuta pumzi yake kabla ya kubadili gia, nikajifanya nachambua mboga.

Sasa sikiliza habari ya Lukumburu, kwa sababu ndipo kila kitu kilipoishia.

Tulikuwa tunarudi kutoka Njombe, mimi na yeye, wewe nimekuacha kwa Mama Zuhura. Petroli ilikuwa imepungua. Tulipofika kwenye mteremko mrefu wa Lukumburu, baba yako akafanya alichokifanya maisha yake yote kwenye lori: akaweka nyutro, akazima injini, gari lishuke lenyewe tuokoe mafuta. Madereva wote wa njia ile walifanya hivyo. Hakuna aliyemwambia kwamba kwenye gari lile breki na usukani vilipata nguvu kutoka kwa injini, na kwamba ukiizima unabaki na mkono wako na mguu wako tu. Tukaanza kushuka kimya kimya, upepo unapuliza, nami nikafurahia ule ukimya. Kisha nikamwona anakanyaga, anakanyaga tena kwa miguu miwili, uso umebadilika. "Bosko?" Usukani ulikuwa mzito kama umefungwa kwa saruji. Akauvuta kwa mwili mzima kuelekea kwenye ukingo wa udongo upande wa mlimani, gari likaparua, likapanda juu ya jiwe, likasimama.

Hatukuumia. Niliweka mkono kifuani nikamshukuru Mungu, nikadhani yameisha. Lakini chini ya gari oili ilikuwa inamwagika, nyeusi, ikifuata mteremko. Jiwe lilikuwa limepasua bakuli la oili chini ya injini.

Tulikaa pale. Kisha nikalisikia, kabla halijatokea kwenye kona: lori letu. Nililijua lilivyovuta pumzi. Likasimama mbele yetu, limejaa magunia, na dereva wake mpya akaruka chini. Aliitwa Shaibu, kijana wa Nakapanya, mcheshi.

"Shikamoo shemeji. Kaka Bosko, pole. Mjerumani kalala?"

"Anapumzika," akasema baba yako.

"Basi mwamshe taratibu. Kamba ninayo. Nakuvuta hadi Songea, bure, chai tu."

Baba yako akaliangalia lori. Akaziangalia zile waya alizozifunga kwa mikono yake. "Nivutwe na lori langu mwenyewe? Nipite Bombambili nikivutwa na lori langu?"

"Kaka, lori si lako tena. Lakini kamba ni yangu, nami nakupa."

Nikamshika mkono. Nikamwambia, "Baba Kasto, kubali." Akautoa mkono wake polepole, kama mtu anayetoa mwiba. Akamshukuru Shaibu, akamimina kwenye injini kidumu cha oili tulichokuwa nacho, akawasha gari, akaliondoa juu ya jiwe. Shaibu akasimama katikati ya barabara, kamba begani, anatutazama.

Oili ile nayo ilimwagika yote. Taa nyekundu ikawaka mbele yake. Nikamwonyesha. Akasema, "Inatisha tu." Ikaendelea kuwaka. Mwanangu, gari lile halikumdanganya baba yako hata mara moja. Lilimwambia lina kiu, likamwambia limeumia, likamwambia kwa rangi ambayo hata mtoto angeielewa. Kisha injini ikalia, sauti ya chuma kikitafuna chuma, na kabla hatujafika Madaba ikakaza, ikanyamaza. Lilifika Songea likivutwa na lori la mbao, na vijana walewale hawakuimba. Ingekuwa afadhali waimbe.

Tukaliweka uani juu ya mawe. Kipuri kiko Dar, akasema. Kisha kipuri hakipo Dar, kinaagizwa. Shamba letu la bondeni likaenda kwenye kipuri. Mabati tuliyoyatunza kwa ajili ya vyumba vya nyuma yakaenda. Nikaanza kukaanga maandazi ya kuuza sokoni, mikono yangu hii ikaungua hadi ikazoea. Mafundi walikuja, wakafungua, wakatikisa vichwa, wote wakisema jambo moja: gari lenyewe zima, ni injini tu. Ni moyo tu, kama mtu anavyosema marehemu ni mzima, kilichosimama ni moyo tu.

Jioni baba yako alikuwa anaingia ndani yake, anavuta mlango. *Dhu.* Anakaa humo akiwa ameshika usukani. Wakati mwingine anakupakata, nawe unageuza usukani na kunguruma kwa midomo. Ndiko ulikolipatia pendo hilo, sikulaumu. Lakini mimi nilikuwa nje pamoja na kuku na redio ya Mama Zuhura, upande ule wa mlango ambako kelele zinabaki. Nikagonga kioo siku moja, nikasema, "Shaibu anatafutiwa mwenzake wa kupokezana usukani. Nenda ukaombe." Alinitazama kupitia kioo, na nilijua hanisikii. Mlango ule ulifunga vizuri mno.

Asubuhi aliyoondoka kwenda Dar kufuatilia injini, aliamka akaliosha gari lote, bila haraka, hadi magurudumu yasiyogusa ardhi. Akafuta ndani. Akaufunga mlango wake kwa mikono miwili, akauegemea kidogo kama mtu anayesikiliza mtoto amelala. Kisha akachukua begi lake, akapita uani, akaenda kupanda basi. Mlango wa nyumba aliuacha wazi. Kuku wakaingia hadi chumbani. Nilisimama kwenye moshi wa maandazi, nikangoja ageuke walau aufunge.

Hakurudi. Miaka baadaye watu walimwona Morogoro, anaendesha lori la mtu. Hilo ndilo linalonichoma hadi leo. Si kwamba alishindwa kuendesha lori; alishindwa kuliendesha hapa tunapojulikana.

Na gari? Kuku walitaga humo, mvua ikanyesha humo, rangi ikaondoka. Walipokuja wanunuzi wa vyuma chakavu kulikata, mmoja akaufunga mlango kwa mzaha. *Dhu*, ukasema, vilevile kama siku ya kwanza. Nikaingia ndani nikalia.

Basi, mwanangu, sikukatazi. Magari yale ni mazuri, na aliyekwambia hayadumu amekudanganya. Yanadumu kwa mtu anayeyapa yanachodai, kwenye barabara yaliyotengenezewa. Lakini usiitoe Hiace inayokulisha ili upate gari la kutazamwa. Kama huwezi kuwa na yote mawili, subiri, hata kama kusubiri kunauma. Gari geni lisome upya, usiliendeshe kwa mazoea ya gari jingine. Taa nyekundu ikiwaka, simama hapo hapo, hata kama mji mzima unakuangalia. Na mtu akikupa kamba, pokea. Hata iwe imefungwa kwenye lori ulilokuwa nalo, pokea kamba, mwanangu, uvutwe, ufike nyumbani. Aibu ya kuvutwa inaisha siku ile ile unapofika.

Mungu akutangulie huko uendako, na Mama Bikira akufunike. Akupe gari litakalobeba na wengine, na masikio ya kumsikia mtu anayegonga kioo. Mkeo acheke ndani ya nyumba yako, si kwenye kiti cha gari tu.

Basi lako linakaribia, chukua begi. Mlango huu wa mbao umepinda, haufungi kwa vidole viwili, lazima uuvute kwa nguvu. Ukitoka ufunge mwenyewe. Mimi nakaa hapa, nasikiliza.

Haya. Nimeusikia.