Nilikuwa Msomaji wa Mwenyekiti

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa kiti, kikombe cha chai na kitabu cha watoto. Ofisi ilikuwa ghorofani mjini Meru, juu ya duka la spea za malori. Mwenyekiti wa kampuni alikuwa ameketi karibu na dirisha na kofia yake nyeupe ya kutarizi. Mimi nilidhani nimeajiriwa kama karani wa kupiga chapa, maana ndicho nilichosomea. Yeye akaniambia nisome kwa sauti, kuanzia ukurasa wa kwanza. Nilisoma mpaka adhuhuri, akaenda msikitini, akarudi, nikaendelea. Nilipomaliza akaniuliza kama ningeweza kufanya hivyo kila siku.

Ilinichukua wiki mbili kuelewa kwamba Mwenyekiti hakujua kusoma. Qurani aliijua kwa moyo tangu madrasa, lakini herufi za shule hakuwahi kukaa nazo, kwa sababu alianza kazi ya utingo wa lori akiwa mdogo. Kutoka utingo akawa dereva, kisha mwenye lori moja, kisha mwenye malori mengi yanayotoka Maua na Meru kwenda kila upande. Sahihi yake alifundishwa kuichora, kama mtu anavyofundishwa kuchora ua. Watu wachache sana walijua hilo, nami nikawa mmoja wao.

Vijana wanaoniuliza kuhusu kazi hii hudhani filamu huanza na kamera. Huanza na mtu mwenye pesa anayekipenda kitabu, au anayejifanya kukipenda. Mtu huyo huitwa mwekezaji. Kwanza hununua haki za kitabu, yaani ruhusa ya mwandishi ya kugeuza hadithi yake iwe filamu. Baadaye huandikwa mswada, ambao ni ile hadithi ikiwa imepangwa onyesho kwa onyesho, pamoja na maneno watakayosema waigizaji. Mwekezaji akishatia sahihi kwenye mswada wa mwisho, hapo ndipo kazi inaanza. Mimi kazi yangu ilikuwa kumsomea Mwenyekiti kila karatasi kabla hajatia sahihi.

Kitabu nilichosoma siku ile ya kwanza kilisimulia habari za bibi mmoja wa Mbeere, punda wake, na mjukuu wa kike aliyeteka naye maji. Watoto wengi wa pande zetu walikisoma darasa la nne. Mwandishi wake alikuwa mwalimu mstaafu wa Kanyakine, mama mpole ambaye sote tulimwita Mwalimu. Marehemu mke wa Mwenyekiti aliwasomea watoto wao kitabu hicho, na kila alipofika ukurasa ambapo bibi anakufa na punda anakataa kutoka mlangoni, alikifunga kidogo, kisha akaendelea. Mwenyekiti alikuwa akisikiliza kutoka chumba cha pili. Aliniambia alitaka filamu kwa sababu ya ukurasa huo.

Filamu ya familia ni ghali, kwa hiyo alitafuta wenzake watano. Mkubwa kati yao alikuwa Mkurugenzi, mama mwenye viwanda vya kukoboa kahawa upande wa Embu. Wakaajiri Meneja wa Mradi kutoka Nairobi, kijana mwerevu na mwenye heshima, nami nikahamishiwa Embu kwa miezi kadhaa ili nimsaidie kutafuta mahali pa kupigia picha. Tulizunguka Mbeere yote tukitazama visima, miiba na nyumba za udongo. Nilijifunza mengi kwake, sitamnyima hilo. Alinifundisha kwamba mahali pazuri kwa macho si lazima pawe pazuri kwa kamera, na kwamba ukipata mti wa kivuli, uliza kwanza jua litakuwa wapi saa tisa.

Mswada wa mwisho ulipofika, niliusoma kwanza peke yangu, kama kawaida. Bibi hakufa. Alipona, akapelekwa mjini, na filamu ikaisha kwa ngoma. Nikamwendea Meneja, nikamwambia Mzee hatakubali.

"Hawa wawekezaji wengine wametaka hivyo," akanijibu. "Hakuna mzazi atatoa pesa aone mtoto wake akilia. Na Mwalimu aliuza haki zote, hata haki ya kubadilisha. Sasa wewe msomee Mzee ule mswada wa zamani. Atatia sahihi kwenye huu, tusonge mbele."

Nilimwambia huo ni uongo. Akasema ni kumpunguzia mzee mawazo. Kisha akaniambia filamu inayofuata itahitaji prodyuza msaidizi, na kwamba yeye amenifikiria mimi.

Nataka mlijue hili kutoka kwangu mwenyewe: nilifanya alivyotaka. Nilikaa mbele ya Mwenyekiti na mswada mpya mkononi na ukurasa wa mswada wa zamani ndani yake, nikausoma vizuri kuliko nilivyowahi kusoma. Nilipofika kwa punda mlangoni alinyanyua mkono niache kusoma. Akajipangusa uso kwa leso, akaniambia niendelee. Mwishoni akaomba kalamu, akaichora sahihi yake polepole.

Nilivumilia siku mbili. Ijumaa aliporudi kutoka msikitini nilimwambia yote, nikiwa nimesimama, kwa sababu niliona aibu kuketi.

"Ulinisomea ukurasa ambao haumo?" akauliza.

"Haumo, Mzee."

"Na sahihi yangu iko wapi?"

"Iko kwenye ule mwingine."

Nilitarajia aniambie nichukue mkoba wangu niende. Badala yake aliuliza ni nani mwingine anayejua kwamba hasomi, nikamwambia ni Meneja. Akasema basi hakuna haja ya kuendelea kuficha. Akaniagiza niwaite wawekezaji wote, Meneja, na Mwalimu kutoka Kanyakine.

Tulikutana kwenye ukumbi wa hoteli moja Embu. Mwenyekiti alisimama bila karatasi. "Mimi sijui kusoma," akasema. "Nimeficha miaka mingi, na kwa kuficha nimetia sahihi kitu nisichokijua. Leo tusomewe wote. Baadaye kila mtu aseme anachotaka."

Nilisoma miisho yote miwili, ule wa mswada na ule wa kitabu. Mwalimu alikuwa ameinamisha kichwa muda wote. Nilipomaliza, Mkurugenzi alivua miwani, akakiri kwamba hakuwa amesoma mswada ule, aliambiwa tu kwamba ni mzuri. Wa pili akakiri hivyo hivyo, kisha wa tatu. Kati ya wale waliotoa pesa zao hakuna aliyekuwa ameusoma mpaka mwisho, na wote isipokuwa mmoja walikuwa wamesoma hadi chuo kikuu.

Wawili walijitoa siku hiyo. Meneja alirudi Nairobi, na kile cheo cha prodyuza msaidizi sikukisikia tena. Mkurugenzi alibaki. Tulipunguza siku za kupiga picha, tukaazima punda kwa wafugaji wa Mbeere, na bibi akafa kama Mwalimu alivyoandika. Filamu haikumtajirisha mtu. Ilipoonyeshwa Kanyakine, wazazi walitoka wamewashika watoto wao mikono, hawana haraka, na Mwalimu alisimama mlangoni akisalimiwa mpaka ukumbi ukabaki mtupu.

Nilimsomea Mwenyekiti miaka mingi baada ya hapo, na tukatengeneza filamu nyingine za vitabu. Nilistaafu mwanawe alipochukua ofisi. Yeye husoma mwenyewe, kwenye simu, na hahitaji mtu. Siku ya kuniaga, Mwenyekiti aliniuliza, kwa utulivu kabisa, kama kulikuwa na siku nyingine ambayo niliwahi kuruka kitu.

Nikamwambia iko moja. Ile filamu ya kwanza ilipotoka, gazeti moja liliandika kwamba kuna matajiri wanaonunua hadithi za watoto kama wanavyonunua ploti za ardhi, likamtaja yeye. Nilimsomea habari yote nikaacha mistari hiyo.

"Hiyo naijua," akasema. "Kinyozi alinisomea jioni ile ile."

"Na hukuniambia, Mzee?"

"Hukuiacha kwa faida yako, binti yangu. Uliiacha kwa ajili yangu."

Sasa nakaa Nchiru, karibu na chuo kikuu, na baadhi ya wanafunzi wanaopanga hapa kwangu wanasomea filamu. Huniuliza namna ya kumpata mwekezaji, nami huwaeleza ninachojua. Jambo moja tu huwa nashindwa kuwaeleza. Mwenyekiti alinisamehe ile mistari ya gazeti kwa urahisi, lakini mimi kila nikiikumbuka naona ni mkono ule ule uliogeuza kurasa mara zote mbili, kwa mswada na kwa gazeti.