Kampuni ya burudani ilitaka kujenga mji shambani kwetu Kimbiji, fomu nikaijaza peke yangu

Wakuu, heshima zenu. Ninayoandika yametutokea sie wenyewe, na sitaongeza kitu.

Siku kampuni ilipotuita shambani tulikuwa watu sita. Mie, dada mkubwa. Mdogo wangu Zuhura, anayefanya usafi hotelini Mbezi Beach. Kitinda mimba wetu Idrisa, kazi yake kufunga spika kwenye shughuli za watu huko Temeke. Mjomba Selemani, kaka yake marehemu mama. Mama Tatu, jirani yetu wa Kimbiji ambaye pia ni mjumbe. Na Neema, dada wa kampuni, mtu wa bara, mpole, buti zake zimejaa vumbi.

Jina la kampuni silitaji. Ni ya burudani: inaandaa matamasha na kurekodi wasanii. Sasa wanataka kujenga mji wa makazi. Mitaa imepangwa, kuna shule, soko, studio na uwanja wa maonyesho.

Shamba alilotuachia baba, la mihogo na minazi michache, liliangukia katikati ya ramani yao.

Makubaliano yalikuwa hivi: unatoa shamba, kila kaya yenye haki kwenye shamba hilo inapewa nyumba moja ndani ya mji.

Nirudi nyuma kidogo ili tuelewane.

Baba na mama walifariki wakipishana miezi michache. Nilikuwa kidato cha pili, nikaacha shule. Kikao cha familia kikatugawa. Zuhura akaenda kwa shangazi Mbezi Beach, Idrisa kwa Mjomba Selemani Temeke, mie nikabaki Kipawa kwenye chumba alichopanga baba, nikaanza kupika vitumbua.

Kila Jumapili nilikuwa nawafuata wote wawili, nawaleta Kipawa, tunakula sinia moja. Jioni namrudisha kila mtu kwake. Idrisa alikuwa analia njia nzima, kwa hiyo yeye nilikuwa namrudisha wa mwisho.

Wamekuwa watu wazima na bado Jumapili wanakuja. Mie kichwani mwangu hatujawahi kugawanywa.

Sasa fomu. Kampuni ilimwachia Mama Tatu, naye akanipa mie kama mkubwa wa familia. Nilikaa nayo wiki nzima juu ya kabati. Jumapili wakaja wote wawili, tukala pweza, tukacheka, wakaondoka. Sikuwaonyesha. Wala sikuwa nawaficha, wakuu. Ni mazoea tu. Tangu wadogo, mambo yao naamuaga mie.

Wameshaondoka, ndiyo nikashika kalamu. Palikuwa na swali: shamba hili lina kaya ngapi? Nikaandika moja. Nakumbuka niliandika nikiwa na furaha.

Basi, ile Jumamosi tukaitwa shambani kusomewa majibu. Watu wa burudani ni watu wa burudani. Kwa watu sita walifunga turubai, wakapanga viti hamsini, wakaleta spika mbili kubwa. Neema akashika maiki, "Karibuni sana wageni waalikwa."

Mama Tatu akamwambia, "Mwanangu, weka chini hicho kidude. Tunakusikia."

Spika ikawa inaunguruma. Idrisa akashindwa kuvumilia, akainuka kurekebisha waya, akarudi kukaa.

Mjomba akauliza lile ambalo wote tulikuwa nalo moyoni. "Hebu nieleweshe, binti. Watu wa ngoma na habari za matofali, wapi na wapi? Au ndiyo kiki zenu za kutafuta umaarufu?"

Neema akavuta kiti karibu. "Mjomba, tumefunga majukwaa kila kona ya nchi. Tukifika mahali, nyumba za wageni zinajaa, mama ntilie wanauza, viwanja vya jirani vinapanda bei. Asubuhi sisi tunapakia vyuma kwenye lori, tunaondoka. Anayebaki na faida ni mwenye ardhi. Bosi akasema safari hii mwenye ardhi tuwe sisi."

Idrisa akadakia. "Na sie tunaofanya hizi kazi hatupangishiwi, mjomba. Ukimwambia mwenye nyumba unafanya kazi ya muziki, anakutazama kama umesema unafuga chui."

"Hilo nalo lipo," Neema akasema. "Mji ukiupanga mwenyewe, unaweka mtaa wa kelele huku, wa kulala kule. Na mtu akishahamia hapa, si mgeni wa tamasha moja tena. Ni mtazamaji wetu wa kila wiki."

"Kwa hiyo mnatupa nyumba ili mtuuzie tiketi."

Neema akacheka. "Kwa kiasi fulani, mjomba."

Mjomba akaridhika. Alisema afadhali mtu anayekwambia ukweli.

Kisha majina yakasomwa. Kwa Mama Tatu, na wanawe wawili wenye familia zao: kaya tatu, nyumba tatu. Kwetu: kaya moja, nyumba moja.

Idrisa akageuka. "Moja? Nani kajaza?"

"Mie."

"Fomu ulikuwa nayo lini, dada?"

"Ile Jumapili ya pweza."

"Tulikuwepo wote."

"Mlikuwepo."

Wakuu, mke wa Idrisa alikuwa na mimba ya miezi saba, na mwenye nyumba alishawapa notisi. Nilikuwa najua. Zuhura akajaribu kupoza, "Kaya moja, na mie kule ninakopanga bafu nangoja zamu nyuma ya wasichana wanne." Hakuna aliyecheka.

Neema alisema ramani imeshapitishwa. Tunaweza kuandika barua ya kuomba nyumba zaidi, ila hawezi kuahidi.

Nikasimama. Nikasema nyumba iandikwe jina la Idrisa, mie nifutwe, Kipawa pananitosha.

"Kaa chini, dada."

Hajawahi kuniambia hivyo maisha yake yote. Nikakaa.

"Umeanza tena," akasema, na sauti yake ilikuwa ya chini kabisa. "Unaamua peke yako, halafu unaumia peke yako. Sie kazi yetu kushukuru. Tuulize basi, hata mara moja."

Nikamuuliza, "Unataka nini, Idrisa?"

"Majina matatu kwenye hiyo nyumba. Chumba kwa kila mtu. Mwanangu akue anawaona shangazi zake kila siku, siyo Jumapili."

Nikamgeukia Zuhura. Akasema anataka mlango wenye komeo la ndani. Kwa shangazi alilala stoo miaka saba, na stoo haikuwa na komeo. Kila Jumapili nilikuwa namrudisha kwenye stoo ile, na siku hiyo ndiyo nikajua.

Mjomba akainamisha kichwa. Nadhani hata yeye hakujua.

Tuliandika majina matatu. Barua niliipeleka, wakaikataa. Msingi umeshajengwa, vyumba vitatu. Mtoto wa Idrisa ameshazaliwa, wa kike. Wamehamia chumba kingine kimoja cha kupanga hukohuko Temeke, wanalala humo mtoto, wazazi na spika nne.

Nilichojifunza: ukilea wadogo zako, kuna siku unatakiwa kuacha kuwa mzazi na uanze kuwauliza. Hiyo siku haina kengele. Mie ilinipita bila habari.

Waliolea wadogo zao humu, nyie mlianzaje kuwauliza? Na kama kuna ambaye mradi ulikosea idadi ya kaya zake akafanikiwa kurekebisha, naomba anielekeze alipita wapi. Hata wa kunisema aseme, nitasoma yote.

Nyumba mbili zimepotea kwa mkono wangu. Zuhura anasema tuachane nayo. Idrisa anasema hanidai chochote. Mie najua nadaiwa, na bado sijalipa hata tofali moja.