Tulipopeleka Kodi ya Miezi Sita Pickering

Nakumbuka siku tuliyokwenda Pickering, nje ya Toronto, kutafuta nyumba, mwanangu, mimi na marehemu baba yako, tumbo langu la miezi minane limetangulia mbele. Ilikuwa miaka ya tisini, theluji imejaa barabarani, na chumba tulichoazimwa kule Etobicoke, upande wa pili wa jiji, tulitakiwa tukiachie mwisho wa mwezi. Wenyewe walikuwa wanapokea ndugu zao. Hawakutufukuza, masikini, ila nafasi haikuwepo.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya chini kwa chini, ile mnayoita besmenti. Lo! Mimi mtoto wa Tanga nilishangaa mpaka nikajisahau. Zulia ukuta hadi ukuta, maji ya moto bombani, joto linatoka sakafuni kama kuna mtu anakoka moto huko ndani. Kisha nikatajiwa kodi. Mtume! Kwa kodi ya mwezi mmoja wa pale, kwetu ungepanga nyumba nzima mwaka mzima, na ua wake na kisima chake. Nilimtazama baba yako, naye akanitazama.

Mwenye nyumba alikuwa bibi wa Kizungu, mjane, anakaa juu peke yake. Akasema atafikiria. Baba yako akaona tunaikosa. Kesho yake tukarudi na bahasha: akiba yake yote ya kiwandani pamoja na pesa za dhahabu zangu za harusi, nilizokwenda kuziuza asubuhi ile ile huku nalia. Kodi ya miezi sita, taslimu. Si ndivyo tulivyolelewa? Kwetu ukitoa miezi sita kwa mkupuo, mwenye nyumba anakukabidhi ufunguo na chai juu.

Yule bibi alipoona zile noti alirudi nyuma, rangi ikamtoka. "Pesa zote hizi mmezitoa wapi?" Baba yako akaanza kueleza, Kiingereza kikamkimbia, na mlango ukafungwa. Nililia njia nzima, na sijui nililia nyumba au nililia bangili zangu.

Kwenye jengo tulilokaa kule Etobicoke alikuwepo mama mmoja wa Mombasa, Bi Mwanaidi, akisomesha watoto Kurani sebuleni kwake. Mkali huyo! Nilipomweleza akaja juu.

"Nyie mna wazimu? Kumpelekea mjane bunda la noti mlangoni!"

"Lakini Bi, kwetu ndivyo watu wanavyofanya."

"Kwenu mwenye nyumba anamjua bibi yako mzaa baba. Huyu anamjua nani wenu? Mmempelekea pesa, hamkumpelekea mtu wa kuwasemea."

Akavaa buibui lake, koti juu, viatu vya theluji chini, tukashika njia. Mabasi yale, wee! Tulibadilisha mpaka miguu ikanivimba. Tulipofika alibisha yeye, akasalimu vizuri, akajitaja jina. Kisha akasema maneno ambayo mpaka leo nikiyakumbuka mwili unanisisimka.

"Hawa sijawazaa. Ila anwani yangu hii hapa. Wakishindwa kodi, njoo kwangu, nitalipa mimi."

Yule bibi akamuuliza ametujua tangu lini. Mimi nikaomba moyoni Bi Mwanaidi adanganye kidogo. Hakudanganya. "Tangu majani yalipoanza kudondoka," akasema, yaani miezi michache tu. "Hata mimi nilipofika nchi hii nilikuwa sijulikani na mtu."

Mwanangu! Kodi ile niliyokuwa nikiiona kubwa kama mlima, mtu anaibeba kichwani pake kwa ajili ya watu aliokutana nao kwenye lifti! Sijaona utajiri kama ule, si Tanga, si Toronto. Yule mjane akanitazama tumbo, akaniuliza najifungua lini. Kisha akatuambia tuingie ndani, baridi kali. Baba yako akatoa tena bahasha ile; akapokea kodi ya mwezi wa kwanza na wa mwisho tu, ndiyo desturi ya huku, nyingine akaturudishia mkononi.

Sasa nisikilize. Juzi umeniambia kuna kijana kazini kwako, kafika kutoka Burundi na mke na mtoto, kila nyumba anaulizwa mdhamini, nawe umemjibu utafikiria. Utafikiria mpaka lini, na watu wako nje? Sikuambii ufumbe macho. Kaa naye, mjue kazi yake, mjue mkewe, uone kodi anaiweza. Ukiridhika, usimpe ushauri kwenye simu. Vaa koti, panda naye basi, ukatoe jina lako mbele ya mwenye nyumba. Kodi za huku zinatisha, na zitazidi kutisha, lakini mtu akisimama na mwenzake anazibeba.

Nenda, mwanangu. Mungu akutangulie, akupe riziki ya kukutosha wewe na wa pembeni yako, na akuwekee mtu wa kukusemea mahali ambapo mama yako hatakuwepo. Amina. Ukitoka huko nipigie.