Wazee wa Kikima na Makala Iliyokataliwa

Katika chuo chetu pale Kitui, jarida la wanafunzi la uhusiano wa kimataifa lilikuwa na ofisi ambayo nusu yake ilikuwa stoo ya fagio na mabeseni. Humo tulipanga mambo ya mataifa makubwa. Nilijiunga nikiwa na swali ambalo hakuna aliyenijibu: kwa nini kila toleo liwe Marekani na Uchina, ilhali hata Makueni, hapo tu ng'ambo ya mto Athi, hatujawahi kuiandikia mstari? Mhariri mkuu, msichana wa mwaka wa nne asiyependa maswali, alininyamazisha kwa kunifanya mhakiki.

Mhakiki husoma makala na kusema ikubaliwe au ikataliwe, na jina lake huwa siri. Ya kwanza niliyopewa ilihusu kurekebisha Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa. Nikaikataa. Mhariri mkuu, anayeamini barua pepe haina heshima, akamwandikia mwandishi kwenye karatasi ya idara na kugonga muhuri.

Mwandishi, kijana mpole wa mwaka wa pili kutoka Kikima, huko huko Makueni, aliipiga barua picha akamtumia dada yake ili ahurumiwe. Kufikia jioni picha ilikuwa kwenye kundi la WhatsApp la ukoo mzima. Na kwa mzazi yeyote aliyesomesha watoto huku kwetu, barua ya shule yenye muhuri ina maana moja: unaitwa.

Wakaja. Baba yake, mzee wa kanisa mwenye koti la suti, mjomba wake, na gunia la maparachichi. Mwandishi alisimama nyuma yao na begi la nguo begani.

Baba alituombea kwanza, sisi na ofisi yetu, kisha akasema, "Tumekuja kuomba msamaha. Kama mmemfukuza, semeni, tuondoke naye leo. Kahawa shambani inahitaji mtu."

"Hajafukuzwa, mzee," mhariri mkuu alisema. "Ni makala yake tu iliyokataliwa."

"Nani ameikataa?"

"Hiyo ni siri, baba."

"Kwa nini ajifiche? Ameiba?"

Mhariri mkuu alinitazama. Mimi nikatazama mabeseni. Kisha nikaanza kueleza kwamba jarida si mtihani, halina alama, na hakuna anayelazimishwa kuliandikia.

"Na wanaolisoma ni akina nani?" baba aliuliza.

"Sisi."

"Na nani mwingine?"

Nikafikiri. "Wale tuliowakataa, ili waone tuliowakubali."

Mjomba alicheka mpaka akakohoa. Baba hakucheka. "Kwa hivyo, kijana, mmemzuia mtoto wangu kuingia mahali ambapo hakuna watu?"

Nimezoea kuuliza maswali ya namna hiyo, si kuulizwa.

"Haya, aisome hapa," baba alisema. "Hii kitu tuliiombea kanisani. Kama ni nzuri, mmemwonea, na simwachi kwa watu wanaomwonea. Anaenda nyumbani."

Mwandishi akaitoa makala begini, akaanza kusoma. Sentensi ya kwanza ilianzia mwisho wa Vita vya Pili vya Dunia na haikuonyesha dalili ya kutua. Kabla ya ukurasa wa pili kuisha, mjomba alikuwa amelala, kichwa kwenye mpini wa fagio. Baba alivumilia, kwa kuwa amekaa chini ya mahubiri mengi maishani mwake. Kwenye "muktadha wa kimfumo wa usawa wa mamlaka" akavua miwani. Mwishowe akainua mkono, kama mtu anayemwashiria mhubiri kwamba muda umeisha.

"Zimebaki kurasa ngapi?"

"Kumi na moja, baba."

Baba akatazama gunia la maparachichi, kisha mtoto wake, kisha sisi.

"Huyu haendi popote," alisema. "Nikimrudisha hivi, ataniongelesha hivi kwenye kahawa. Mkae naye hapa mpaka ajue kumaliza sentensi."

Mwandishi akateremsha begi, akaliweka chini, akatabasamu. Sijawahi kuona mtu akifurahia hivyo kukataliwa mara ya pili.

Mjomba aliamshwa, tukaombewa tena. Mlangoni baba aligeuka.

"Na huyo aliyeisoma yote mpaka mwisho, hata kama anajificha, mpelekeeni pole zangu."

"Nitamfikishia, mzee," nilisema.