Jioni Nilipowasemea Vyura

Aprili iliyopita nilirudi nyumbani Lambwe, mvua ikanikuta mlangoni. Ilikuwa mvua ya kweli, ile ya kuchapa mabati mpaka watu wanaongea kwa ishara. Ilipokatika, jua likiwa linaelekea kuzama, nilivuta kigoda hadi barazani nikaketi. Mwanangu, aliyezaliwa na kulelewa mjini Migori, akaniuliza nangoja nini.

"Vyura," nikamwambia.

Tuliketi mpaka chai ikapoa. Tulisikia pikipiki barabarani, redio ya jirani, mbuzi akimwita mwanawe. Chura hata mmoja hatukumsikia. Mtoto akachoka, akaingia ndani. Mimi nikabaki pale, na kitu kilichonijia si huzuni kama unavyoweza kudhani, rafiki yangu. Kilikuwa wivu. Wivu wa zamani, na ngoja nikueleze ulitoka wapi.

Miaka ya tisini, nikiwa darasa la nne, tuliishi katika boma la nyanya, ambaye sisi wajukuu tulimwita Dana. Boma lilikuwa kwenye mteremko, na chini yake kulikuwa na kinamasi kilichojaa mafunjo marefu kuliko mtu mzima. Ng'ambo ya pili vilining'inia vitambaa vya buluu vya kutega mbung'o, na nyuma yake vilima. Asubuhi tulichota maji, tukafagia uwanja, tukala nyoyo ya jana iliyopashwa moto, yaani mahindi na maharagwe yenye harufu ya moshi. Mchana ni shule. Jioni ilikuwa ya vyura.

Sijui kama umewahi kuishi karibu na kinamasi chenye vyura. Kuongea kwenyewe kulikuwa kwa zamu: wakianza, sisi tunanyamaza. Dana aliwajua kwa makundi. Kulikuwa na wale wadogo wa nyasi, ambao hata umande tu uliwatosha kupiga kelele. Kulikuwa na wa kibuyu, ambao sauti yao ilikuwa kama maji yanayotoka kwenye shingo nyembamba ya kibuyu. Na kulikuwa na wakubwa wa matopeni, walionguruma kama ndama. Wa nyasi wakilia peke yao, hiyo ni mvua ya kupita. Makundi yote matatu yakilia pamoja jioni nne mfululizo, hiyo ndiyo chwiri, mvua ya kupandia. "Chura hadanganyi," Dana alikuwa akisema. "Hana shamba, atadanganya apate nini?"

Na hapo usichukulie kwamba ni mchezo. Kwetu hakuna nyumba ya mwana inayotia mbegu ardhini kabla ya mama kutia yake. Baba, baba mkubwa na baba mdogo, wote walingoja Dana ashike jembe. Dana naye alingoja vyura. Lakini masikio yake yalikuwa yameanza kuzeeka, kwa hiyo kila Machi alimtuma mtu ashuke kinamasini akasikilize. Mtu huyo alikuwa binamu yangu, binti ya baba mdogo.

Tulikuwa rika moja. Tulilala mkeka mmoja. Lakini yeye alikuwa na masikio, na mimi sikuwa nayo. Angefumba macho, akainua kidole, akasema, "Wa kibuyu wamehamia upande wa mkuyu," nao wangekuwa huko kweli. Akirudi jioni, wanaume wazima walinyamaza kumsikiliza. Dana alimpa kigoda cha karibu na moto na kichwa cha samaki. Mimi nilifuatana naye mara nyingi, tukaketi kwenye jiwe moja, lakini hakuna aliyewahi kuniuliza nimesikia nini. Wivu uliniuma hapa, chini ya mbavu, kama mtu aliyekimbia baada ya kula.

Mwaka mmoja, Machi, binamu alipelekwa Magunga kwa kina mama yake, ambako bibi mzaa mama yake alikuwa mgonjwa. Manyunyu mawili yalikuwa yameshapita na mawingu yamekaa vizuri. Dana akaniita.

"Nyakwara," akasema, maana yake mjukuu wangu, "leo utakuwa masikio yangu."

Nilishuka nikikimbia. Nikaketi jiweni peke yangu. Wa nyasi walikuwa wanalia, tena kwa uvivu. Wengine kimya. Jioni ya pili vivyo hivyo, na ya tatu, na ya nne. Kila jioni nilirudi na jibu lile lile, na kila jioni nilipewa kigoda cha mbali na mkia wa samaki. Nilisikia pia kwamba binamu angerudi karibuni. Jioni ya tano nikapanda mteremko nikihema.

"Wamelia, Dana. Wote."

"Hata wa kibuyu?"

"Hata wa kibuyu. Na wa matopeni. Jioni tatu zilizopita pia walilia, ila nilidhani ni ng'ombe."

Aliniangalia, kisha akacheka, akanivuta karibu na moto. Usiku ule kichwa cha samaki kilikuwa changu. Nilikinyonya mpaka mfupa ukawa mweupe.

Alfajiri Dana alishusha mbegu zake zilizoning'inia juu ya meko, nyeusi kwa moshi, akaanza kupanda. Siku iliyofuata wanawe wote walipanda. Nilikuwa nikitembea nyuma ya mama nikidondosha mahindi mawili mawili kila shimo, na ninakiri kwako kwamba nilikuwa na furaha.

Manyunyu mengine yalikuja, mahindi yakachungulia kama sindano. Kisha jua likatoka, na halikuingia tena. Wiki mbili. Wiki tatu. Majani yakajikunja, yakawa rangi ya karatasi kuukuu. Binamu aliporudi alipitia kinamasini, akapanda moja kwa moja hadi uwanjani, watu wazima wakiwa wamekaa.

"Mmepanda?" akauliza. "Lakini wa kibuyu bado hawajaanza kulia."

Dana akanigeukia. "Nyakwara, uliwasikia?"

Ningeweza kusema ukweli. Nilimtazama binamu amesimama pale na vumbi la Magunga miguuni, watu wote wakimsikiliza tena, nikasema, "Niliwasikia."

"Haya," Dana akasema. Akawageukia wanawe. "Mtoto hana kosa. Ni mimi nilimhoji vibaya. Nimezeeka."

Baba mkubwa alikohoa. "Basi, Mama, mwaka ujao tutasikiliza redio."

Mbegu zilikuwa zimekwisha. Ilibidi Dana aende kwa kaka yake upande wa Magunga kuomba nyingine, akanichukua mimi nimbebee kikapu. Mwanamke yule, ambaye majirani wote walikuja kwake kuomba mbegu, alisimama mlangoni kwa watu akizungusha maneno: habari za watoto, habari za ng'ombe. Mke wa kaka yake alipoelewa, alishangaa. "Hata wewe?" akasema. Akaleta mtama katika ungo mdogo. Dana alipokea kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo, yeye aliyekuwa mkubwa kwa umri. Chwiri ilifika wiki ile, na makundi yote matatu yalilia mpaka masikio yakaziba.

Baada ya hapo hakuna aliyetumwa kinamasini. Dana aliendelea kushika jembe la kwanza, kwa sababu ni desturi, lakini siku ilichaguliwa na redio. Mwaka uliofuata, au ule wa baada yake, binamu alisema wakati wa kula, "Wa kibuyu ni wachache safari hii." Mtu mmoja akaomba chumvi. Wakati huo mitaro ilikuwa imeanza kuchimbwa ili watu wapande kabichi na nyanya, mikaratusi ikapandwa ukingoni, na mabomba ya dawa yakaoshwa kwenye maji yale yale. Binamu alisema tena, "Wa matopeni sijawasikia kabisa." Hakuna aliyeinua kichwa. Ni mimi niliyewafundisha watu wetu kwamba habari za vyura ni upuuzi wa watoto. Leo nasikia redioni kwamba vyura wanapungua dunia nzima, kwa dawa, kwa magonjwa, kwa maji kukaushwa. Sisi tuliambiwa mapema, tena na mtoto aliyekuwa anakula nasi.

Dana alifariki kabla sijamwambia. Ndiyo maana, siku ile ya kurudi Migori, nilipitia kwanza Homa Bay, ambako binamu ana duka la ushonaji. Nilimwambia yote, mwanangu akiwa ameketi kando. Akasimamisha cherehani.

"Kumbe hukuwasikia," akasema polepole. "Mimi nilidhani Dana alikasirika akaacha kunituma kwa sababu nilienda kwa kina mama. Miaka yote hii, dada. Nilidhani masikio yangu yalimchosha."

Alichukua uzi, akajaribu kuutunga kwenye sindano, akashindwa, akauweka chini. Mwanangu akauliza, "Kwani walikuwa wanaliaje?"

Aliniuliza mimi. Nilifungua mdomo. Nikatafuta, nikatafuta tena, na hapakuwa na kitu.

Binamu akafuta macho kwa kipande cha kitambaa. Akamvuta mtoto karibu, akafumba macho, akawatoa mmoja baada ya mwingine: wa nyasi kwa ncha ya ulimi, wa kibuyu kooni, wa matopeni kutoka tumboni kabisa. Wateja wawili wakasimama mlangoni. Mwanangu alicheka, akaomba tena, akaomba tena.

Nami, mtu mzima mwenye mvi, nikamwonea wivu. Niliketi naye kwenye jiwe lile jioni zile zote, na sikubakiwa na sauti hata moja, kwa sababu muda wote vyura walipokuwa wakilia mimi nilikuwa nikimtazama yeye. Sasa wanaishi katika koo moja tu ninalolijua, nalo si langu.